Maswali ya Wasomaji: Wimbi Linalokokotolewa Kabla ya Kusikika

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu mashimo meusi makubwa yaliyo katikati ya galaksi. Ndani yake kulikuwa na aya moja iliyogusia vitu vidogo vinavyoyazunguka mashimo hayo vikijongea ndani kidogo kidogo hadi vinamezwa, huku vikitoa mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya anga na wakati inayosambaa mbali, na ikasema kwamba umbo la mawimbi hayo linapaswa kukokotolewa leo, miaka mingi kabla chombo cha kuyasikia hakijarushwa. Aya hiyo imeleta barua nyingi, nyingi zikitoka Arusha na Moshi. Nimechagua sita. Mbili kati yake nimezijibu kwa kirefu kwa sababu zinagusa kiini cha jambo lenyewe.

Swali: Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Moshi. Wanafunzi wangu wanajua kwamba mawimbi ya graviti yalinaswa mwaka 2015. Sasa mnasema haya ya vitu vidogo yanasubiri chombo kingine. Tofauti iko wapi, na hivyo vitu vidogo ni vitu gani hasa? *Mwalimu, Majengo, Moshi*

Jibu: Mwalimu, tofauti inaanzia kwenye ukubwa wa shimo, kwa sababu ukubwa huo ndio unaopanga mwendo wa mtikisiko. Mawimbi yaliyonaswa tarehe 14 Septemba 2015 na mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani, mmoja ukiwa Hanford na mwingine Livingston, yalitoka kwa mashimo meusi mawili, moja likiwa na tungamo la Majua 36 hivi na jingine Majua 29. Mashimo ya kiasi hicho huzungukana mara nyingi kwa sekunde moja yanapokaribia kuungana, na sehemu ya wimbi iliyosikika ilidumu takriban moja ya tano ya sekunde. Mtambo wenye mikono ya kilomita 4, uliojengwa juu ya ardhi, unalimudu wimbi la namna hiyo.

Sasa chukua shimo lenye tungamo la Majua milioni 1. Mpaka wake, ambao kitu kikishauvuka hakirudi, uko kilomita milioni 3 hivi kutoka katikati, yaani karibu mara nane ya umbali wa kutoka hapa hadi Mwezini. Ikiwa shimo halijizungushi, obiti ya mwisho iliyo imara iko mara tatu ya umbali huo, karibu kilomita milioni 9, na kitu kilichopo hapo hukamilisha mzunguko mmoja kwa dakika saba na nusu hivi kwa saa ya mtazamaji aliye mbali. Kila mzunguko hutoa vilele viwili vya wimbi, hivyo kilele hufuata kilele baada ya karibu dakika nne. Ardhi yetu haiwezi kutulia kwa dakika nne. Mitetemo ya miamba, mawimbi ya bahari yanayopiga pwani, malori barabarani, hata uvutano wa hewa inayohama juu ya mtambo, vyote hulifunika wimbi la polepole kiasi hicho, na hakuna ufundi wa ujenzi unaoweza kuizuia graviti ya udongo na mawingu. Kwa sababu hiyo Shirika la Anga za Juu la Ulaya lilipitisha rasmi mradi wa LISA mwezi Januari 2024, likishirikiana na NASA. Vyombo vitatu vitalizunguka Jua vikiwa vimejipanga pembetatu, kila upande ukiwa na urefu wa kilomita milioni 2.5, vikipimana umbali kwa miale ya leza. Vimepangwa kurushwa mwaka 2035.

Kuhusu kitu kidogo, lazima kiwe kitu kilichoshikamana sana: shimo jeusi la Majua kumi au zaidi, nyota ya nyutroni, au pengine kibete cheupe, yote yakiwa masalia ya nyota zilizokufa. Nyota ya kawaida kama Jua letu haifiki huko. Shimo la Majua milioni 1 lingeirarua ikiwa bado umbali wa makumi ya mamilioni ya kilomita, kwa kuwa upande wake wa karibu ungevutwa kwa nguvu kuliko upande wa mbali. Katikati ya galaksi nyota na masalia ya nyota zimesongamana, zikivutana na kusukumana kwa mamilioni ya miaka, na mara chache moja ya masalia hayo hutupwa kwenye njia inayopita karibu mno na shimo kubwa. Kila kinapopita karibu, kitu hicho hupoteza nishati kwa njia ya mawimbi, obiti yake ikasinyaa, na kutoka hapo hakina tena namna ya kujinasua.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi uwiano wa tungamo hizo mbili, wape tembo dume wa tani 5 na yai moja la kuku la gramu 50. Uwiano wao ni laki moja kwa moja, sawasawa na shimo la Majua milioni 1 na shimo dogo la Majua kumi.

Swali: Mimi ni fundi saa. Mliandika kwamba katika mawimbi laki moja hesabu isikosee hata nusu wimbi. Kwa nini ukali wote huo? Kwetu saa ikikosea kidogo tunairekebisha, maisha yanaendelea. *Fundi, karibu na Mnara wa Saa, Arusha*

Jibu: Fundi, swali lako ndilo lililonifanya nitamani kuandika ukurasa huu wote.

Tuanze na hesabu yenyewe. Kwa mfano wetu wa Majua kumi na Majua milioni 1, katika mwaka wa mwisho kitu kidogo huanza kikiwa kilomita milioni 12 hivi kutoka katikati na kufika kwenye ile obiti ya mwisho ya kilomita milioni 9. Safari hiyo ya kilomita milioni 3 hukichukua mizunguko elfu 50 hivi. Ukigawanya utaona kwamba kila mzunguko, ambao una urefu wa makumi ya mamilioni ya kilomita, hukisogeza ndani kwa makumi ya kilomita tu. Ni mteremko mpole ajabu, na unafanyika mahali ambapo kitu hicho kinakimbia kwa karibu nusu ya kasi ya nuru. Mizunguko elfu 50 hutoa vilele laki moja vya wimbi.

Sasa, kwa dakika yoyote utakayoichagua katika mwaka huo, wimbi hilo ni dhaifu kuliko kelele za chombo chenyewe, na ni dhaifu kuliko mchanganyiko wa mawimbi mengine yanayofika wakati uleule, yakiwemo ya maelfu ya jozi za vibete vyeupe katika galaksi yetu. Ukiuchora mkondo wa takwimu kwenye karatasi na kuukodolea macho, hutaona kitu. Lakini fikiria umesimama katika stendi kuu ya Arusha alfajiri, wapiga debe wakiita abiria wa kila upande, na katika redio ndogo ya kibanda cha chai unapigwa wimbo ulioimbiwa tangu utoto. Masikio yako huuokota wimbo huo vipande vipande na kuuunganisha kwa sababu unajua kila neno litakalofuata. Mgeni aliyesimama kando yako, asiyeujua, husikia kelele tu. Wachambuzi wa mawimbi hufanya hivyohivyo: wanachukua umbo la wimbi lililokokotolewa, wanalilaza juu ya takwimu za mwaka mzima, wanazidisha nukta kwa nukta na kujumlisha. Kelele, kwa kuwa hazina mpangilio unaofanana na umbo hilo, hujifuta zenyewe katika kujumlisha, ilhali wimbi lenyewe huongezeka mzunguko baada ya mzunguko hadi linajitokeza.

Hapo ndipo ukali unapotoka. Ikiwa umbo ulilokokotoa linaanza sambamba na wimbi la kweli lakini linachelewa kidogo kidogo, siku moja kilele chako kitaangukia kwenye bonde la wimbi la kweli, na tangu siku hiyo kila unachojumlisha kinapunguza ulichokwisha kukusanya. Kwa hiyo hesabu inapaswa kubaki sambamba kutoka kilele cha kwanza hadi cha laki moja, ikiteleza chini ya radiani moja, na kila wimbi zima ni radiani sita na ushee. Kwa lugha ya benchi lako la kazi, kosa hilo ni sawa na saa inayokosea si zaidi ya sekunde 50 hivi katika mwaka mzima. Saa ya kawaida ya betri hukosea sekunde kama 15 kwa mwezi mmoja.

Umesema saa ikikosea mnairekebisha. Mnaweza kwa sababu ipo saa nyingine ya kulinganishia, iwe ya redio au ya simu. Hapa saa ya kulinganishia haipo. Wimbi la kweli ndilo lingetuambia tumekosea wapi, na wimbi hilo halionekani mpaka hesabu iwe tayari imekaribia usahihi. Mtu hawezi kurekebisha kielelezo chake kwa kutumia kitu ambacho bila kielelezo hicho hakioni. Naiona hii kuwa moja ya kazi nzito zaidi kupata kuombwa kwa nadharia ya Einstein tangu aikamilishe mwaka 1915.

Na nimekueleza mfano rahisi tu, wa obiti ya duara kuzunguka shimo lililotulia. Mashimo ya kweli hujizungusha, na obiti za kweli ni duaradufu zilizoinama. Kitu kidogo basi huwa na midundo mitatu kwa wakati mmoja: mdundo wa kusogea karibu na kurudi mbali, mdundo wa kupanda na kushuka kuvuka ikweta ya shimo, na mdundo wa kuzunguka. Katika mfumo wetu wa Jua midundo hiyo karibu inalingana, ndiyo maana duaradufu ya sayari ya Utaridi huhama kwa sekunde 43 tu za tao kwa karne nzima kwa sababu ya nadharia ya Einstein. Karibu na shimo jeusi duaradufu inaweza kuhama mzunguko mzima, au zaidi ya mmoja, kila kitu kinapopita karibu. Wimbi linalotoka hapo linafanana na ngoma tatu zinazopigwa pamoja, kila moja ikiongeza kasi polepole kwa kiwango chake. Ngoma zote tatu zinapaswa kufuatwa kwa usahihi uleule.

Swali: Ninasoma uhandisi wa kompyuta Arusha. Milinganyo ya Einstein inajulikana tangu zaidi ya miaka mia moja, na kompyuta kubwa zipo. Kwa nini msiipe kompyuta milinganyo hiyo na kusubiri majibu? *Mwanafunzi, Njiro*

Jibu: Kijana, njia hiyo inafanya kazi, lakini kwa mashimo mawili yanayokaribiana ukubwa. Mwaka 2005 Frans Pretorius alifanikiwa kwa mara ya kwanza kuyafuata kwa kompyuta mashimo meusi mawili yakizungukana hadi kuungana, na tangu hapo mbinu hiyo imezaa maumbo ya mawimbi yanayotumiwa na LIGO. Uwiano unapokua, gharama hupanda kwa kasi. Kompyuta hugawa nafasi katika vyumba vidogo, na vyumba vinapaswa kuwa vidogo kuliko kile kitu kidogo; hatua za wakati nazo lazima ziwe fupi kwa kadiri hiyohiyo. Kitu kidogo kikiwa sehemu moja ya laki moja ya kikubwa, hatua ni fupi kwa kiwango hicho, na wakati huohuo mizunguko ya kufuata imefika makumi ya maelfu. Mwaka 2020 watafiti walifika uwiano wa 1 kwa 128, tena kwa mizunguko michache ya mwisho. Sisi tunahitaji laki moja kwa moja, kwa mwaka mzima.

Lakini udogo uleule unaoishinda kompyuta unafungua njia nyingine. Ikiwa yai ni dogo hivyo mbele ya tembo, tunaweza kuanza kwa kujifanya kwamba yai halina uzito kabisa. Hapo kinabaki kitu kinachotembea ndani ya mpindo wa anga na wakati uliotengenezwa na shimo kubwa peke yake, na mpindo huo tunaujua kikamilifu: Roy Kerr wa New Zealand aliupata mwaka 1963 kwa shimo linalojizungusha. Mwaka 1968 Brandon Carter alionyesha kwamba mwendo ndani ya mpindo huo una viwango vitatu visivyobadilika, nishati, kani ya mzunguko (angular momentum kwa Kiingereza) kuuzunguka mhimili, na cha tatu kinachobeba jina lake. Vitatu hivyo ndivyo vinavyotosha kuzipata zile ngoma tatu.

Kisha tunarudisha uzito wa yai, kidogo kidogo. Yai linautikisa mpindo wa tembo, na mtikisiko huo mdogo una milinganyo yake: Tullio Regge na John Wheeler waliianzisha mwaka 1957 kwa shimo lisilojizungusha, na mwaka 1972 Saul Teukolsky akapata mlinganyo mmoja kwa shimo linalojizungusha. Kutoka mlinganyo wa Teukolsky tunapata kiasi cha nishati kinachokwenda mbali na kiasi kinachomezwa na shimo. Tukijua kiasi kinachopotea, tunajua obiti inasinyaa kwa kasi gani. Hiyo ndiyo hesabu ya ngazi ya kwanza, na inatupa sehemu kubwa sana ya jibu.

Haitoshi, na hapa ningeomba usome taratibu. Kitu kidogo kina uvutano wake, na uvutano huo hukirudia chenyewe. Simama kwenye bonde lenye kuta za mwamba upande wa Kilimanjaro, piga kelele, na sauti yako itakurudia ikiwa imezungukia kwenye mwamba. Vivyo hivyo mawimbi yanayotolewa na kitu kidogo hayaondoki yote moja kwa moja. Sehemu yake hugonga mpindo wa anga unaolizunguka shimo, hutawanyika, na kurudi kumkuta aliyeyatoa akiwa amekwisha songa mbele, yakimsukuma kidogo. Nitaiita kani hiyo kani ya nafsi, kwa sababu ndiyo maana ya jina wanalolitumia wataalamu. Ugumu wake ni kwamba ukikichukulia kitu kidogo kuwa nukta, uvutano wake mahali kilipo hauna kikomo. Unajaribu kupata msukumo mdogo sana kwa kuutenganisha na kiasi kisicho na mwisho. Mwaka 1997 Yasushi Mino, Misao Sasaki na Takahiro Tanaka, na kwa njia tofauti Theodore Quinn na Robert Wald, walionyesha namna ya kuandika mlinganyo sahihi wa kani hiyo. Mwaka 2003 Steven Detweiler na Bernard Whiting wakaifafanua kwa namna ninayoiona kuwa nzuri kuliko zote: unaweza kuligawa eneo la uvutano la kitu kidogo katika sehemu mbili, moja yenye ukubwa usio na kikomo ambayo haikisukumi kabisa, na nyingine laini, na kitu hicho hutembea kana kwamba kinaanguka huru katika mpindo wa shimo ukijumlishwa na sehemu hiyo laini. Zaidi ya miaka ishirini ilipita toka 1997 hadi 2018, Maarten van de Meent alipochapisha hesabu ya kani ya nafsi kwa obiti yoyote, iliyoinama na ya duaradufu, kuzunguka shimo linalojizungusha.

Hata hiyo bado ni ngazi ya kwanza ya kani. Ukifuata makosa kwa makini utakuta kwamba ili wimbi libaki ndani ya radiani moja kwa mizunguko yote, unahitaji kani yote ya ngazi ya kwanza, na pia sehemu ya ngazi ya pili inayohusu upotevu wa nishati. Ngazi ya pili maana yake mtikisiko unaoutikisa mtikisiko. Ukubwa wake kwa kila mzunguko ni mdogo mno, lakini mizunguko ni mingi kiasi cha kuurudisha ukawa radiani nzima. Adam Pound, Barry Wardell, Niels Warburton na Jeremy Miller walichapisha matokeo ya kwanza ya ngazi hiyo mwaka 2020, na baadaye maumbo kamili ya mawimbi, kwa obiti ya duara kuzunguka shimo lisilojizungusha. Kwa shimo linalojizungusha kazi inaendelea, na hiyo ndiyo kazi kubwa iliyobaki kabla ya mwaka 2035.

Kuna kikwazo kingine ambacho mhandisi atakipenda. Ngoma mbili kati ya zile tatu zinaweza kwa muda kuangukia kwenye uwiano wa namba ndogo, kama midundo miwili ya moja dhidi ya mitatu ya nyingine. Kwa kawaida misukumo midogo ya kani ya nafsi hujisawazisha. Ndani ya uwiano huo inakuja kila mara katika hatua ileile, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake, na inajikusanya. Kitu kikitoka hapo kimekwisha badili ratiba yake. Éanna Flanagan na Tanja Hinderer ndio waliolibainisha jambo hili, na kielelezo kinacholipuuza hupotea njia.

Mwisho kuna kasi ya kukokotoa. Mchambuzi hatalaza umbo moja juu ya takwimu. Atalaza mamilioni, kila moja kwa tungamo tofauti, kasi tofauti ya kujizungusha, mwinamo tofauti. Hesabu ya kani ya nafsi ni nzito na haiwezi kurudiwa kila mara. Kwa hiyo kazi imegawanywa kama tunavyofanya jikoni: mahindi yanasagwa mapema mashineni, na unga unakaa tayari, ili maji yakichemka ugali uive kwa dakika chache. Kani hukokotolewa kabla, kwa majuma na miezi, zikahifadhiwa katika majedwali, na programu ya mwisho huzichota tu. Mwaka 2021 Alvin Chua, Michael Katz, Niels Warburton na Scott Hughes walionyesha programu ya namna hiyo inayotoa umbo zima la wimbi kwa sehemu ndogo ya sekunde, ikitumia vichakato vya picha, vilevile vinavyouzwa kwa wachezaji wa michezo ya kompyuta.

Swali: Mimi ni mkulima wa kahawa. Mjukuu wangu alinisomea makala yenu nikaogopa. Je, shimo hilo la katikati ya galaksi yetu linaweza kutufikia? Na liko upande gani? *Mama, Kibosho*

Jibu: Shikamoo Mama. Haliwezi kutufikia. Shimo la katikati ya galaksi yetu lina tungamo la Majua milioni 4 na ushee, lakini liko umbali wa miaka nuru 26,000 hivi, na Jua letu linalizunguka kwa mbali bila kulikaribia. Mawimbi tunayoyazungumzia yakifika duniani huunyoosha na kuubana mwili wa mtu kwa kiasi kidogo mno kuliko upana wa kiini cha atomu.

Upande lilipo unaweza kumwonyesha mjukuu. Mwezi wa saba au wa nane, saa tatu au saa nne usiku, anga likiwa jeupe, mpeni Mlima mgongo na mtazame kusini, juu kuliko nusu ya anga. Mtaona mkia wa Nge, lile kundi la nyota ambalo mabaharia wa pwani waliliita Akarabu, na kando yake kundi la Mshale, au Kausi kwa jina la kale. Njia Nyeupe ni pana na nene zaidi hapo katikati yao. Shimo liko nyuma ya mavumbi hayo, halionekani kwa macho, ila picha yake iliyotengenezwa kwa darubini za redio ilitolewa tarehe 12 Mei 2022.

Swali: Nimestaafu upimaji ardhi. Baada ya gharama na hesabu zote hizi, mtakuwa mmepima nini? *Mpima mstaafu, Sakina, Arusha*

Jibu: Mzee, tutakuwa tumepima umbo, kama ulivyofanya wewe maisha yako yote.

Unajua kwamba Dunia si mviringo kamili. Nusu kipenyo chake ikweta ni kilomita 6,378, na kwenye ncha ni 6,357. Tofauti hiyo inatosha kukifanya kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, kiwe mbali zaidi na kitovu cha Dunia kuliko kilele cha Everest. Uvimbe huo wa ikweta huzivuta satelaiti na kuzigeuza obiti zake kidogo kidogo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 wapimaji wamekuwa wakifuatilia obiti hizo ili kulijua umbo la Dunia kwa usahihi ambao minyororo na theodolaiti zisingeufikia.

Kitu kidogo kinacholizunguka shimo jeusi ni satelaiti ya namna hiyo. Mizunguko yake elfu 50 inapita mahali ambapo hakuna chombo chetu kitakachopelekwa kamwe, na kila uvimbe wa uvutano wa shimo unaandikwa katika zile ngoma tatu. Fintan Ryan alionyesha mwaka 1995 kwamba kutoka wimbi lenyewe unaweza kusoma uvimbe huo ngazi kwa ngazi. Nadharia ya Einstein inasema jambo kali kuhusu matokeo: shimo jeusi linaelezwa lote kwa tungamo lake na kasi ya kujizungusha, basi. Ukishajua viwili hivyo, uvimbe wake wa ikweta umekwisha pangwa, hauna hiari. Dunia ina milima na madini yaliyosambaa isivyo sawa. Shimo jeusi halina hata kilima kimoja. Ukipima tungamo na kasi ya kujizungusha kwa usahihi wa sehemu moja ya elfu kumi au zaidi, kama inavyotarajiwa, kisha ukapima uvimbe peke yake ukakuta haulingani, basi ama kilichopo hapo si shimo jeusi ama nadharia inahitaji kurekebishwa. Mimi nangoja kipimo hicho kuliko kingine chochote katika fizikia.

Idadi ya matukio bado ina utata. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yanaanzia machache hadi maelfu kwa mwaka yatakayosikika na LISA, kwa kuwa yanategemea msongamano wa nyota karibu na mashimo, ambao hatuujui vizuri. Katika galaksi moja tukio kama hili ni nadra mno, hivyo LISA itasikiliza galaksi nyingi, nyingine zikiwa mbali kwa mabilioni ya miaka nuru. Matukio machache tu yangetosha kwa kipimo nilichokieleza.

Swali: Shikamoo. Niko kidato cha sita, mchepuo wa PCM. Ningependa kufanya kazi hii. Inawezekana kuanza nikiwa hapahapa? *Mwanafunzi, Moshi*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Inawezekana, kwa sababu kazi hii haihitaji darubini. Inahitaji hisabati, kompyuta ya kawaida na uvumilivu. Zipo programu huria za utafiti huu, mkusanyiko mmoja ukiitwa Black Hole Perturbation Toolkit, ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua na kusoma kila mstari wake.

Lakini usianzie huko. Anza na shimo lisilojizungusha. Chagua vipimo ambavyo kasi ya nuru na kigezo cha graviti ni 1, tungamo la shimo likiwa 1 pia. Andika kwa Python, au hata kwa mkono, fomula ya kilima cha nishati: moja toa mbili gawanya kwa umbali, zidisha kwa moja jumlisha mraba wa kani ya mzunguko gawanya kwa mraba wa umbali. Ichore kwa thamani mbalimbali za kani ya mzunguko. Kwa thamani kubwa utaona bonde ambamo kitu kinaweza kutulia. Punguza thamani hatua kwa hatua, na bonde litazidi kuwa la kina kifupi, hadi mraba wa kani ya mzunguko unapofika 12, ambapo bonde linatoweka umbali ukiwa 6. Hiyo ndiyo obiti ya mwisho niliyomtajia Mwalimu.

Hapo tafuta kanuni ya upotevu wa nishati aliyoichapisha Philip Peters mwaka 1964. Weka uwiano wa laki moja kwa moja, anza umbali wa 8.2, punguza nishati mzunguko kwa mzunguko hadi ufike 6, na uhesabu mizunguko. Utapata karibu na ile elfu 50 niliyompa Fundi, maana nami nimeitoa kwa kanuni hiyohiyo. Kisha pakua majedwali ya hesabu ya Teukolsky kutoka kwenye mkusanyiko ule, rudia zoezi kwa umbali uleule, na utaona namba mbili hazilingani, kwa kuwa Peters alichukulia mwendo wa polepole na graviti dhaifu. Pima tofauti yake kwa radiani, iandike pamoja na hatua zako zote, na ututumie.